Mkaguzi Aliyekataliwa Damu

"Hata mizani ikishushwa kutoka mbinguni, mimi nitaigeuza kwanza nione chini kuna nini!"

Maneno hayo mkaguzi wa mizani aliyatamka akiwa amesimama juu ya kreti la soda katikati ya soko, siku ya kuzindua stika mpya za ukaguzi, mbele ya wauza nyanya, wauza mchele na wakubwa wawili wa idara waliokuja na mwavuli mmoja. Watu walicheka. Wauza mchele walicheka kwa adabu tu. Tangu siku hiyo soko zima likamwita Gramu. Alijifanya amekasirika, ila kila aliposhika simu alianza kwa kusema, "Gramu hapa."

Kazi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi alipita duka kwa duka na sanduku la vipimo vya shaba, jioni akirudi nyumbani alikata mkate na kulinganisha vipande. Wachumba wawili walishamkimbia. Wa pili alisema hana ugomvi naye, amechoka tu kuulizwa alikuwa wapi kati ya saa nane na saa nane na robo.

Aliyemvumilia alikuwa mmoja, mdogo wake wa kike, fundi cherehani wa sare za shule. Wazazi walishatangulia, na tumbo lile lilikuwa limezaa hao wawili tu. Waliishi nyumba moja, cherehani sebuleni, sanduku la vipimo chini ya kitanda. Huyu dada alikuwa na ulimi wa kukata kuliko mkasi wake, na kaka mtu alimpenda kwa namna yake, yaani alimkagua.

Asubuhi moja sindano ya cherehani ilimchoma dada kidole. Kwa fundi hilo si jambo, unanyonya kidole unaendelea. Lakini mpaka adhuhuri damu ilikuwa bado inachuruzika, kola tatu nyeupe za watoto wa watu zimeharibika, na kitambaa cha pili kimelowa. Ndipo Gramu alipoangalia vizuri akaona mengine: mabaka ya bluu mapajani kama mtu aliyepigwa, ufizi unaotoa damu kwenye mswaki, na ngazi nne za kibarazani zinazomfanya dada akae katikati apumzike.

"Nani amekupiga?" akauliza.

"Cherehani, kaka. Mkamate."

Hospitali kubwa waliwapokea, wakapima, wakapima tena, wakamchoma dada sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, kisha ndugu hao wawili wakaitwa kwa daktari wa damu. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, viatu vya raba, kalamu nne mfukoni. Gramu alizihesabu. Akafungua daftari lake la ukaguzi.

"Damu haitengenezwi moyoni," daktari akaanza. "Inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho wa dada umeacha kazi. Chembe nyekundu ni chache, ndiyo maana ngazi zinamshinda. Chembe nyeupe ni chache, kwa hiyo hata mafua yanaweza kumlaza. Na chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, zimebaki elfu tisa. Mimi na wewe tuna laki mbili hivi."

"Laki mbili na ngapi?"

"Inategemea mtu."

Gramu akaandika INATEGEMEA, akapigia mstari mara mbili.

"Ni saratani?"

"Si saratani. Inaitwa anemia ya aplasia. Ni uboho kushindwa kazi."

"Kama si saratani, mbona tuko wodi ya saratani?"

"Kwa sababu daktari wa damu ni mimi, na wodi niliyopewa ndiyo hii."

"Na uboho umeshindwa kwa nini?"

"Mara nyingi kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoushambulia."

"Nani ameiagiza?"

"Mimi, kaka," dada akasema. "Nilikuwa na nafasi siku hiyo."

Daktari alitabasamu, Gramu hakutabasamu. Aliyaangalia yale maneno kwenye daftari kama anavyoangalia mfuko wa mchele ulioshonwa upya mdomoni. Kinga inayoshambulia? Hiyo kinga au jambazi? Ila dada mtu alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, anauliza moja baada ya jingine, na anarudia majibu kwa sauti ndogo kama anayekariri vipimo vya mteja.

Tiba, daktari alieleza, zilikuwa mbili. Ya kwanza, dawa za kuituliza hiyo kinga, ambazo huchukua miezi na si wote zinaowaponya. Ya pili, kupandikiza uboho: uboho mbovu wa dada unaondolewa kwa dawa kali, kisha anawekewa wa ndugu anayelingana naye, kwenye mshipa, kama anavyoongezewa damu.

"Mnaupata wapi huo wa ndugu?" Gramu akauliza, mkono wake mmoja ukienda mgongoni bila yeye kuutuma.

"Nyuma ya nyonga. Unalala usingizi wa dawa, tunavuta kwa sindano. Baada ya wiki chache mwili umeshaujaza tena."

"Kutoka uti wa mgongo."

"Hapana. Uti wa mgongo ni kitu kingine, hatuugusi. Uboho ni ule laini ulio ndani ya mfupa."

"Ndivyo mnavyosema," akasema Gramu, akaandika UTI WA MGONGO, akaweka alama ya kuuliza.

Walimpitisha Gramu kijiti cha pamba ndani ya shavu, kuona kama uboho wake unalingana na wa dada. Majibu yalipotoka, daktari aliyaleta mwenyewe, uso unang'aa. Kulingana: kumi kwa kumi.

Badala ya kushukuru, Gramu akaingiwa baridi. Miaka kumi na sita ya ukaguzi hajawahi kuona kipimo kinachokubaliana hivyo. Kila kitu hukosea kidogo, hata kilo ya serikali. Kumi kwa kumi ni namba ya mtu anayetaka kuuza kitu. Na cha kuuza ni nini, kama si uboho wake yeye? Saini ya kukubali kuutoa aliiweka, kwa ajili ya dada, lakini shaka haikumtoka.

Lililomvuruga kabisa lilikuwa la damu. Dada alihitaji kuongezewa kila wiki, na damu hiyo ilitoka benki ya damu, kwa watu wasiojulikana. Gramu akakunja mkono wa shati. "Chukueni yangu. Yangu naijua inakotoka."

"Damu ya mtu yeyote nitaipokea," daktari akasema. "Yako hapana."

Akaeleza sababu. Haikuwa siri, wala haikuwa ndefu. Mwili wa dada ukionjeshwa damu ya kaka mapema, unaweza kujifunza kuitambua kama adui, na siku uboho wake ukiingia, utakataliwa. Na kaka anayelingana alikuwa huyo mmoja, hakuna mwingine wa akiba. Dada alisikia kila neno. Gramu hakusikia, maana alikuwa amesimama mbele ya leseni ya daktari iliyotundikwa ukutani, ananakili namba yake.

Alichoondoka nacho ni neno moja: hapana. Nani anakataa cha bure? Anayekataa cha bure ana cha kulipiwa.

Siku nne baadaye, siku ambayo dada aliruhusiwa kukaa nyumbani, akamwambia, "Mdogo wangu, twende kwa daktari mwingine. Tusikie na yeye anasemaje."

"Kusikia tu?"

"Kusikia tu."

Zahanati ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja nao. Dada alipumzika mara tatu, barakoa ikipanda na kushuka mdomoni. Mtabibu aliyewapokea alivaa koti jeupe lenye mikunjo ya kutoka dukani. Gramu alimvuta pembeni, akamnong'oneza.

"Hakuna tatizo, kaka," mtabibu akasema.

"Ni ndugu yangu wa damu, ila hospitali..."

"Hakuna tatizo kabisa."

Dada alibaki kwenye benchi la ukumbini akisoma bango la kunawa mikono. Baada ya nusu saa kaka alitoka na pamba kwenye kiwiko. Nyuma yake mtabibu amebeba mfuko mwekundu, bado una joto, anauelekeza kwenye chuma cha kutundikia dripu.

Dada alisimama. Akashika ukuta.

"Kaka. Hiyo ni ya nani?"

"Yangu. Safi. Nimeona ikitoka kwa macho yangu."

"Na inakwenda wapi?"

"Kwako, itakwenda wapi tena? Hawa hawana maneno mengi kama wale wenzao."

Dada akamgeukia mtabibu. "Unajua naumwa nini?"

"Upungufu wa damu, dada. Jambo la kawaida."

"Wa aina gani?"

"Wa kawaida."

"Chembe sahani zangu ngapi?"

Mtabibu akamwangalia Gramu, kama mteja anayeomba asaidiwe bei. "Tukishaongeza tutapima."

Hapo kitu kikamkwaruza Gramu moyoni. Sokoni, anayesema hakuna tatizo kabla hujamaliza kuuliza ndiye unayemkalisha chini. Huyu alikuwa ameyasema mara mbili, naye hakumkalisha. Alimsifu tu kwa kutomuuliza lolote.

"Keti, dada," mtabibu akasema, sindano mkononi. "Dakika tano tu."

"Ukinigusa na hiyo," dada akasema taratibu, "nitatoka damu mpaka ushuke chini ukanunue debe la rangi nyeupe upake sakafu upya." Kisha kwa kaka yake, sauti imekatika, "Ukiniwekea hiyo leo, mwili wangu utakujua. Ukikujua, uboho wako utaukataa. Nina wewe tu. Daktari alikuambia."

"Hakuniambia."

"Alikuambia, kaka! Ulikuwa unasoma ukuta!"

Gramu alitaka kubisha. Alifungua daftari kutafuta ushahidi. Kwenye ukurasa wa siku ile kulikuwa na namba ya leseni, tarehe ya kumalizika kwake, na idadi ya kalamu.

Akatoa simu, akapiga hospitali, akaomba aunganishwe. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, hakusema Gramu hapa.

"Daktari, ni kaka yake. Ile sababu ya damu. Niambie tena. Polepole."

Alisikiliza mpaka mwisho, hakuandika kitu. Kisha akauliza, "Na kama nimeshaitoa, ila hajawekewa?" Akasikiliza tena.

"Anasemaje?"

"Anasema tushukuru hujawekewa. Mimi ilikuwa nitolewe uboho wiki ijayo. Sasa anataka damu yangu ijae kwanza. Wiki tatu."

Dada alikaa. Wiki tatu, kwa chembe elfu tisa, mafua tu yakipita barabarani. Akaibana barakoa puani kwa vidole viwili, na hilo lilimtisha Gramu kuliko ulimi wake wote.

"Tutanunua barakoa," akasema. "Nitafunga cherehani. Nitapika mimi."

"Ukipika nitakufa kabla ya mafua."

Gramu akacheka kidogo, macho yamelowa, akamgeukia mtabibu. "Umwage huo mfuko."

"Kumwaga tunamwaga, kaka. Lakini huduma imeshafanyika."

Akamkabidhi karatasi. Mfuko, sindano na pamba: elfu thelathini na tano.