Kamisi kwenye Maji Moto

Mwanangu alioa Mjapani, msichana aliyekuwa amekuja kufundisha shule moja huku kwetu Mweiga, na ndiko alikojifunza Kiswahili. Baada ya harusi walienda kukaa kwao msichana, kisha wakanitumia tiketi niende niwaone.

Mkwe wangu, mama yake msichana, ni mjane kama mimi. Neno letu la pamoja lilikuwa moja tu, asante, na alilisema kila aliponitazama. Alitaka kunipeleka milimani, kwenye nyumba ya wageni yenye maji moto yanayotoka ardhini. Njiani niliona mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama ya Othaya, moyo ukatulia.

Tulipofika, mwanangu alienda upande wa wanaume. Sisi wanawake watatu tukaingia chumba cha kubadilishia nguo. Niliinama kuvua viatu, na nilipoinua macho mkwe wangu alikuwa uchi. Mkamwana wangu naye alikuwa uchi.

"Mama, toa nguo zote," mkamwana aliniambia kwa upole. "Hapa kila mtu anaoga hivi."

Kwetu mbele ya mkwe huvui hata kitambaa cha kichwa. Niliwaambia watangulie, nikajifanya natafuta kitu mkobani. Ningeweza kurudi chumbani kwangu, lakini niliogopa kuonekana nimekataa wema wao. Basi nikavua sweta na gauni, nikabaki na kamisi, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye bwawa, nikaingia.

Kamisi ilijaa hewa ikaelea. Nikiisukuma chini huku, inaibuka kule. Wanawake waliokuwa ndani wakageuka kunitazama. Kumbe mtu huketi kwanza pembeni akajisugua kwa sabuni ndipo aingie, na tena haingii na nguo. Bibi mmoja alitoka majini polepole, mwingine akamfuata.

Mkwe wangu akasimama. Akiwa vile vile uchi, akamwinamia kila mmoja wao, akisema maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mwanamke wa umri wangu, anaomba msamaha kwa watu asiowajua, kwa sababu yangu.

Nilitoka nikichuruzika maji, nikakaa kwenye benchi. Mkamwana akaja na taulo.

"Mama, makosa ni yangu. Sikukueleza."

"Hapana. Mwambie mama yako kwetu mkwe haonekani mwili. Mwambie si maringo."

Alimwambia jioni, tukiwa tumeketi sakafuni kula. Mkwe wangu aliweka vijiti chini. Uso ulimwiva hadi masikioni, akalishika vazi lake shingoni kwa mikono miwili, akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema ameona haya sana," mkamwana akasema. "Anasema wewe ulimwona."

Nilikuwa nimedhani nikieleza, aibu itapungua. Badala yake sasa tulikuwa nayo sote wawili. Samaki mbichi walipangwa mbele yetu kama maua na hakuna aliyewagusa. Mwanangu alikuwa akimimina chai kwenye vikombe ambavyo vilikuwa vimeshajaa.

Asubuhi mkwe wangu alinigongea mlango, tukatoka wawili kuutazama mlima wao. Theluji yake ilikuwa nyingi. Nilitaka kumwambia kwamba ile ya mlima wetu kule nyumbani inapungua kila mwaka, lakini sikuwa na lugha. Nilipomgeukia, nilimkuta ananitazama. Aliangalia chini haraka, nami nikaangalia chini, na tukarudi kunywa chai yeye akiwa ametangulia.