Mpira Tuliourudisha kwa Adabu

Nilikuwa afisa wa forodha hadi nilipostaafu, na sikuwahi kuandika jambo ambalo sikulishuhudia. Hili nalo nililiona kwa macho yangu.

Rafiki yangu wa mtaa wa Al Twar, hapa Dubai, Mzanzibari kama mimi, alikuwa karibu kurejea Unguja moja kwa moja. Tuliwahi kusafiri pamoja hadi Japani kutazama viwanja viwili vya besiboli ya kulipwa, lakini kaka zake hawakusadiki, walidai anatunga. Alitaka apate mpira mmoja uliopigwa mchezoni, awanyamazishe. Japani tulikaa juu mno. Kiwanja cha hapa kilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Safari hii tulikaa karibu. Mpira ulipigwa pembeni, ukadunda ngazini, ukamwangukia mapajani. Mlinzi, Mkenya, akanyoosha mkono.

"Leta hapa, mzee."

Rafiki yangu akampa, tena akamshukuru. Sisi tumelelewa na kriketi: mpira ukiwafikia watazamaji hurudishwa papo hapo. Jukwaa zima likaguna. Bwana wa nyuma yetu akatueleza kwamba katika besiboli mpira wa namna hiyo ni mali ya aliyeupata. Mlinzi naye hakuurudisha uwanjani. Aliupeleka kwenye makochi ya mbele, akamkabidhi mkubwa mmoja, "sir" kama walinzi wanavyowaita, aliyekuwa akila.

Nikamfuata mlinzi.

"Kanuni uliijua?"

"Mzee, mliutoa wenyewe."

"Uliuomba."

"Na mkasema asante. Ningejuaje mnautaka?"

Sijapata kusikia utetezi wa kifidhuli kama huo. Msimamizi wake alituletea mpira mpya wa dukani, ungali ndani ya karatasi. Nilimweleza kwamba huo haujapigwa na mtu. Rafiki yangu akaupokea.

"Khalas, yaishe, bwana. Tusidhalilike."

Kwenye maegesho aliinama, akausugua mchangani, kisha akaugonga kwenye ukingo wa njia hadi ukachubuka.

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe utakuwa huku Dubai, nyumbani kwako Karama, bwana wee."

"Kaka zako wakinipigia simu?"

Akausafisha kwa leso, taratibu, akautia mfukoni.

"Basi waambie ulivyoona. Niliushika wa kweli, nikaurudisha kwa adabu."

Hilo nitalishuhudia popote, pamoja na yule sir na sahani yake.