Mabawabu wa Msituni

Nafundisha historia hapa Tabora mjini, na nina ugonjwa mmoja: mzaha ukinijia mdomoni siwezi kuumeza. Muhula ule niliwaagiza wanafunzi watafute, kwa simu za nyumbani, tovuti za kujifunzia safari ya mzungu mmoja aliyepita kwetu akitafuta chanzo cha Mto Nile. Kila mmoja apendekeze moja, aeleze sababu na anukuu sentensi moja. Mapendekezo mazuri yangebandikwa maktaba, wadogo zao wayatumie. Nikasisitiza kwamba nukuu isibadilishwe hata neno.

Walileta za kila namna. Mmoja aliisifu yake kwa kuwa haimalizi bando. Mwingine aliikataa ya mwenzake kwa sababu ramani ilionyesha Kazeh, Tabora haimo. Ikabidi nimweleze kwamba Kazeh ndiyo sisi.

Kisha akasimama binti wa kijiji cha Ipole, huko Sikonge, aliyekuwa akiishi na dada yake mtaa wa Cheyo. Mpole, haongei mpaka aulizwe. Tovuti yake ilikuwa ya Kiingereza, simu ikamtafsiria. Akasoma kwamba mzungu alivuka pori akiwa na mabawabu wengi.

"Kumbe pori la Sikonge lilikuwa na milango?" nikasema.

Darasa zima lilicheka. Binti akakaa, akainamisha kichwa, nami nikaikata kazi yake kwa wino mwekundu. Wiki nzima hakunyoosha mkono, na mimi nikajiambia atazoea.

Jumamosi nikipanga karatasi za kubandika, niliigeuza ya kwake. Nyuma alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "Atakayeisoma tovuti hii, kila akiona bawabu asome mpagazi. Simu haijui kwamba Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Naipendekeza kwa sababu ndiyo pekee niliyoona inawataja."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Neno alilijua tangu mwanzo. Alinukuu kosa kwa sababu mimi ndiye niliyekataza kubadilisha neno, kisha nikamcheka kwa kunitii. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila siku ile mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilichoinama kilikuwa cha mtoto wa watu.

Jumatatu nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Akasema haidhuru. Alichotaka kujua ni kama karatasi yake itabandikwa, nikamwambia itakuwa ya kwanza, na ule upande wa nyuma ndio utakaotazama watu.

Akafikiri kidogo. "Na kwenu, Mwalimu, walifikaje Tabora?"

Sisi ni watu wa mjini wa siku nyingi. Nyumbani neno mpagazi halikutajwa. Tulifundishwa kujibu kwamba mababu walikuja na biashara, na jibu hilo nimelitoa maisha yangu yote.

"Walikuja na biashara," nikamjibu. "Kichwani."

Hakuna aliyecheka.