Viatu Chini ya Ngazi kwa Mama Safi

Wageni wa Mama Safi huvua viatu chini ya ngazi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba, na kwa kweli ni karibu sheria pekee. Anayepanda na viatu huitwa kwa jina lake mbele ya wenzake, kwa sauti ya upole isiyokoma, mpaka ashuke.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, huko Makiso, katikati ya mji, si mbali na bandari ya mtoni. Ilijengwa na mfanyabiashara Mgiriki zamani za Wabelgiji. Dari yake iko juu sana, madirisha yake ni ya vibao, na mbele kuna roshani ya chuma ambayo mwenye akili haiegemei. Chini, palipokuwa duka, marehemu Mohamadi alishona kanzu na nguo za shule hadi macho yakamchoka. Alipofariki, mkewe Safiya, ndiye huyu Mama Safi, aliuza vyerehani, akanunua vitanda vya chuma, akavipanga juu katika vyumba viwili, kimoja cha wanaume na kingine cha wanawake. Mgeni hupata kitanda, chandarua na ndoo ya maji ya kuoga uani. Anayetaka zaidi ya hapo huelekezwa hotelini.

Wanaolala kwake ni wafanyabiashara wa Butembo waliochoshwa na barabara, wanafunzi, na watu wanaongoja chombo cha kushuka mtoni. Siku hizi huja pia vijana wenye mifuko mikubwa mgongoni, wanaozunguka nchi kwa nia ya kuiona tu, jambo ambalo Mama Safi hajalielewa mpaka leo.

Sheria ya viatu Mama Safi aliitoa kwao. Jamaa zake ni Waislamu wa mji huu tangu enzi za misafara, nao hawajui kuingia mahali pa kulala na vumbi la sokoni. Juu ya hayo, sakafu ya ghorofani ni ya mbao, na kila Ijumaa huipaka nta kwa mikono yake. Lakini viatu vilimpa faida nyingine. Kwa kuwa ni mjane anayejiheshimu, hakuwa akiingia chumba cha wanaume wakiwamo. Alisoma viatu. Kwa kutazama chini ya ngazi alijua nani yumo, nani katoka, na nani kaanza kurudi akipepesuka.

Na alihitaji kujua, kwa sababu ya vyombo. Baleinière, zile mashua kubwa za mbao zenye mota, hazina ratiba. Hukaa gatini mpaka zijae, kisha asubuhi moja nahodha hupiga honi na kuondoka, aliyepo na asiyepo. Anayelala chomboni huliwa na mbu. Anayelala mjini huachwa. Mohamadi mwenyewe, walipokuwa wameoana karibuni, aliachwa hivyo alipokuwa akienda kumzika baba yake. Alirudi nyumbani na furushi lake, akaliweka mlangoni, wala hakulifungua kwa muda mrefu. Safiya hakusahau furushi lile. Ndiyo maana kila mgeni wake alisikia maneno yaleyale: "Lala. Mimi nitakuamusha." Faustin, mpakiaji wa bandarini, humpigia simu chombo kinapowasha mota. Naye Mama Safi hugonga ngazi kwa mchi na kuita, "Mwenye kiatu hii nyeusi, bateau yako!" Hakuna aliyewahi kuachwa akiwa kwake.

Basi akaja Papa Liévin, mtu wa Butembo, mnene, mwenye haya kidogo. Binti yake Chimène, muuguzi huko Bumba, alikuwa akiolewa Jumamosi. Bila baba wa bibi arusi kuketi mbele ya wakwe, hakuna ndoa, na chombo kingine hakikutazamiwa kabla ya siku hiyo. Mizigo yake yote, kuanzia magunia ya maharagwe hadi vitenge, ilikuwa imekwisha kupakiwa. Mkononi alibaki na jozi moja ya viatu vipya vyeusi, vinavyong'aa kama kisima. Jioni ile alisimama navyo chini ya ngazi, akivigeuzageuza.

"Mama Safi, hii kiatu nimenunua ya ndoa. Nikiacha apa, nani atailinda?"

"Papa Liévin, apa hata sandale ya mulevi haijapotea."

Arthur, kijana wa Bukavu aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akila samaki, alidakia. Huyo alikuwa mmoja wa wale wa mifuko mgongoni.

"Papa, iache tu. Mwizi akiinama atajiona uso yake ndani, atapata haya, atarudi kwao."

"Weye nyamaza. Mutu anaacha kazi ya benki juu ya kutembeza mufuko, atanifundisha kulinda kiatu?"

Arthur akacheka, na Papa Liévin naye akacheka. Akaviweka viatu kwenye mstari, pembeni ya buti za Arthur, akapanda akigeuka nyuma mara mbili.

"Utaniamusha, Mama?"

"Ulale tu, papa. Nimesema."

Asubuhi, Mama Safi alikuwa amekwisha kuswali na kuchemsha chai simu ya Faustin ilipolia. Alichukua mchi, akaenda chini ya ngazi, akatazama. Buti za Arthur zilikuwapo. Makubazi ya wanafunzi yalikuwapo. Pale palipokuwa na viatu vyeusi palikuwa patupu.

"Wangu amekwisha kwenda," alimwambia Faustin simuni. "Watu wa Butembo hawangojake kuamushwa."

Akarudisha mchi jikoni. Honi ilipolia mtoni alikuwa akinywa chai, moyo umetulia kabisa. Kikombe hakikuwa kimeisha Arthur aliposhuka akipiga miayo.

"Mama Safi, yule papa anakoroma mpaka chandarua inatingika. Kwani bateau yake iko lini?"

Aliweka kikombe chini. Alipanda ngazi na, kwa mara ya kwanza tangu vitanda viingie humo, akapita mlango wa chumba cha wanaume bila kubisha. Papa Liévin alikuwa chali, kinywa wazi, amelala usingizi wa mtu aliyeahidiwa.

"Papa, amka. Bateau imeondoka."

Aliketi, akamtazama kana kwamba anamsikia kutoka mbali.

"Si ulisema utaniamusha?"

"Nilisema. Kiatu yako haikukuwa pale."

Papa Liévin aligusa mto, na uso wake ukabadilika.

"Iko apa chini. Niliogopa. Wakati mulilala, nilishuka nikaichukua."

Mama Safi angeweza kumjibu kwamba sheria ya nyumba ilikuwa wazi, na asingekosea. Lakini alikuwa amempa mtu ahadi, kisha akatazama sakafu badala ya kumtazama mtu.

"Vaa," alisema. "Twende."

Walipanda pikipiki moja wote wawili mpaka bandarini, ambako Faustin aliwapokea akitikisa kichwa. Chombo kilikuwa kimevuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kupakia mafuta ya mawese.

"Hamutakifikia kule," alisema. "Mukivuka, chenyewe kinatoka. Mukikate mbele. Muende Simi-Simi, kitapita pale."

Walipofika Simi-Simi, ukingoni upande wa chini wa mto, mwanamke mmoja alikuwa akisukuma mtumbwi wake majini, umejaa vikapu vya kwanga, ile mikate ya muhogo iliyofungwa majani. Jina lake Nyota, na kazi yake ni kuuzia abiria katikati ya mto: hukilenga chombo kinaposhuka, hushika kamba, na kufanya biashara huku kinamkokota. Mama Safi alimweleza kwa kifupi. Nyota alimpima Papa Liévin kwa macho, juu mpaka chini.

"Naenda palepale. Lakini huyu papa iko muzito kuliko kwanga yangu yote."

"Toa kikapu kimoja," alisema Mama Safi. "Nitakilinda."

"Toa mbili. Na yeye akae bila kupumua sana."

Vikapu viwili vikashushwa. Papa Liévin alinyanyua mguu kuingia, na hapo ndipo alipojitazama. Miguuni alikuwa na sandale za plastiki za buluu, zile za bafuni kwa Mama Safi, ambazo mwenye nyumba huzikata pembe ya kisigino ili zisipotee. Viatu vya ndoa vilibaki nyumbani, chini ya mto wa kulalia.

"Mama," alisema polepole. "Kiatu."

"Panda, papa."

Akapanda. Chombo kilitokea upande wa Lubunga, kirefu, kimesheheni watu na mbuzi hadi juu ya paa. Nyota alipiga kasia kwenda mbele yake, si kukifuata. Mtu mmoja alirusha kamba, Nyota akaikosa. Mama Safi, pale ukingoni kati ya vikapu, hakujua kwamba mkono wake unafungua majani ya kwanga. Kamba ilirushwa tena, nayo ikashikwa. Mikono mingi ikashuka kumpokea Papa Liévin, ikamvuta kwa kwapa, na kitu cha mwisho kuonekana kikipita juu ya ubavu wa chombo kilikuwa nyayo mbili za buluu.

Nyota aliporudi akipiga kasia dhidi ya mkondo, alihesabu vikapu vyake kwa macho.

"Mama, si ulisema utalinda?"

"Nimekula moja," alisema Mama Safi. "Sikujisikia wakati nilikula."

Habari zilichelewa, maana mtoni simu hazishiki. Papa Liévin alipiga simu baada ya Jumamosi kupita, Mama Safi akiwa anapaka nta sakafuni.

"Mama Safi, ndoa imepita. Chimène anakusalimu. Bakwe baliniangalia miguu tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Ukabaambia nini?"

"Nilibaambia kwetu, baba ya bibi arusi anavaaka sandale ya buluu, ni coutume ya mababu."

"Baliamini?"

"Bon, wazee baliamini. Tonton moja ya bwana arusi aliniuliza bananunua wapi."

Mama Safi aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka nta ikamkaukia kitambaani.

Tangu hapo hasomi viatu tena. Chombo kikiwasha mota, hupanda mpaka mlangoni, huita kila mtu kwa jina, na haondoki mpaka mdomo umjibu. Viatu bado huvuliwa chini ya ngazi kama zamani, na kwenye mstari, mahali pa kwanza, ipo jozi nyeusi anayoipangusa kila Ijumaa. Wageni wapya humwuliza ni ya nani.

Siku ile ya simu, kabla salio la Papa Liévin halijaisha, Mama Safi alimwambia jambo moja tu.

"Ukipanda kurudi, papa, pita kwangu uchukue kiatu yako. Na sandale zangu uzirudishe. Batu banaoga miguu wazi."