Mwavuli Mbele ya Bendera

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu, aliyenizaa na kunilea kule Kalehe, alikuwa akisema kwamba hasira zangu hufika mahali kabla mimi mwenyewe sijafika, na hakukosea. Kwa hiyo ninapokumbuka jioni ile ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, naishukuru kwanza firimbi, halafu namshukuru mtu mmoja aliyevaa magwanda. Bila firimbi na mtu huyo, ningeharibu kazi ya watu kumi na watano kwa mkono wangu huu wa kulia.

Vijana ambao hawakuiona Zaïre wanivumilie nieleze habari ya bendera. Siku zile, bendera ilipopandishwa asubuhi na kushushwa jioni kwenye ofisi ya serikali, firimbi ililia, na kila aliyeisikia alisimama pale pale alipo. Mama mwenye beseni la dagaa wa sambaza kichwani alisimama. Dereva alizima gari. Mtoto aliyekuwa akimkimbiza mwenzake aliganda na mguu mmoja mbele. Hakuna aliyesogea mpaka firimbi ya pili. Aliyesogea alikula fimbo au alilala kituoni, na sisi wengine tulikuwa tumezoea kiasi kwamba tulisimama bila hata kufikiri.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya Nyalukemba. Darasa langu lilikuwa na madirisha yanayotazama ziwa, na watoto walihesabu mitumbwi zaidi kuliko walivyohesabu ubaoni. Mwenzetu mmoja alifundisha darasa la sita. Alikaa mbali, Kasha, alikuja kwa miguu kila siku, na bado alifika kabla yetu sisi tuliokaa jirani. Jambo hilo liliniudhi sana, nakiri.

Mwaka ule chama pekee cha nchi kilikuwa kimeambiwa kwamba hakiko peke yake tena, na kila mtu alikuwa na neno la kusema juu yake. Katika somo la uraia, mwanafunzi mmoja alimuuliza mwenzetu kama watu wanaruhusiwa kupita barabarani pamoja ili kulalamika. Alijibu kwamba wanaruhusiwa, kama wamewajulisha wakubwa mapema, kama hawabebi kitu mkononi, na kama wanashika upande mmoja wa njia. Hakuongeza neno. Lakini mtoto mmoja alilipeleka somo nyumbani, akalirudia mezani mbele ya baba yake, na baba huyo alikuwa mkubwa mahali fulani. Jumanne iliyofuata wanaume wawili waliovaa kiraia walimchukua mwenzetu mlangoni mwa shule.

Alhamisi mke wake alikuja kwetu na mtoto mgongoni. Alikuwa amekwenda mara tatu kwenye kituo cha majandarma, askari wa serikali, kilichokuwa nyuma ya ofisi ya zone, yaani wilaya yetu. Kila mara askari wa mlangoni alifungua daftari la wafungwa, akapitisha kidole, na kumwambia kwamba jina hilo halimo. Ila mlangoni mwa kasho, chumba cha mahabusu, palikuwa na safu ya viatu vya wafungwa, na katika safu hiyo aliviona viatu vya mumewe, vile alivyovitia kamba za bluu kwa mkono wake mwenyewe. Mama mwingine, aliyekuwa akimpelekea kaka yake chakula hapo, alikuwa amesikia kwamba Jumamosi lori litaondoka na baadhi ya wafungwa. Lingekwenda wapi, hakuna aliyejua.

Hakuna aliyehitaji kutuchorea picha. Mtu ambaye hakuandikwa, akitolewa mjini, hakuna wa kuulizwa habari zake.

Directrice, mwalimu mkuu wetu, alikuwa mama mfupi asiyepaza sauti hata watoto wakipanda juu ya meza. Alisema tutatembea kama mwenzetu alivyofundisha. Akaandika barua ya kujulisha, akaipeleka mwenyewe ofisini, akarudi na nakala iliyopigwa muhuri. Tungekwenda Ijumaa baada ya masomo. Mikono mitupu, alisema: hakuna fimbo, hakuna kitambaa chenye maandishi, hata chaki muache darasani.

Ijumaa nilifika na mwavuli.

“Madame,” alisema, “tulisema mikono mitupu.”

“Directrice, mvua nayo ilipata barua?”

Ulikuwa mwavuli mweusi wa mama yangu, wenye mshikio wa mti na ncha ya chuma, na mawingu yalikuwa tayari yamekalia milima. Directrice alinitazama, akacheka kidogo, akaniachia. Kosa hilo lilikuwa lake kidogo na langu sana.

Tulikuwa walimu kumi na wanne, na mke wa mwenzetu akawa mtu wa kumi na tano. Tulipanda barabara wawili wawili, upande wa kulia, kama tulivyozoea kuwapanga watoto. Watu kwenye vibanda walituuliza matanga yako wapi. Tulipofika karibu na ofisi ya zone ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, na majandarma walikuwa wamekwisha kupanga mstari wakiwa na fimbo. Mbele yao alisimama adjudant, mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi na kitambi. Nilimjua. Binti yake alikaa safu ya mbele darasani kwangu na domo lake halikuwa na dawa. Baba mtu alikuwa amekuja mara mbili kuniuliza habari za mwandiko wake. Jioni ile alijifanya hanijui, nami nikajifanya simjui.

“Nani alibapa ruhusa?” aliuliza.

Directrice alimpa nakala yenye muhuri. Aliisoma yote, polepole, mpaka chini.

“Hii inajulisha. Haiombe ruhusa.”

“Ndiyo, chef, tumejulisha,” alisema directrice. “Tunataka kitu moja tu. Tumuone mwenzetu, na jina yake iandikwe mu registre, ile daftari yenu.”

“Miye niko na ordre, amri ya bakubwa, ya kutawanya batu.”

“Na siye tuko na mutu mu kasho.”

Adjudant alianza kuisoma barua upya. Leo najua kwamba alikuwa akitafuta njia. Siku ile nilidhani anatudharau, na damu ikaanza kunichemka. Askari kijana aliyesimama kando yake naye alichoka na barua. Alitupigia kelele kwa Lingala, “Bozonga!”, yaani turudi tulikotoka, na akamsukuma begani mke wa mwenzetu. Kichwa cha mtoto kilitupwa nyuma mgongoni mwa mama yake.

Niliona kichwa kile, sikuona kingine. Niliruka nje ya mstari, mwavuli mbele, na ncha ya chuma ikatua kifuani mwa yule askari, juu ya kifungo cha pili. Naye alikuwa amekwisha kuinua fimbo juu ya kichwa changu. Hapo firimbi ya bendera ikalia.

Tuliganda wote. Walimu waliganda, majandarma waliganda, mama wa maandazi ng'ambo ya barabara aliganda na kijiko hewani. Mimi nilikuwa na mwavuli kifuani mwa mtu, na mtu huyo alikuwa na fimbo juu yangu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kusogea. Niliona shati lake limechanika kwapani. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho, na aliogopa sawasawa nami.

Kwa kawaida kushusha bendera kulichukua muda mfupi tu. Siku ile mlinzi wa ofisi alivuta kamba, bendera ikashuka nusu, ikakwama. Akavuta tena, haikuja. Nilimsikia akiibembeleza kwa sauti ya chini. Bila bendera kufika chini hakuna firimbi ya pili, na bila firimbi ya pili hakuna wa kusogea, kwa hiyo tulisimama. Mvua ikaanza kutunyeshea. Mwavuli ulizidi kuwa mzito, na ncha yake ikawa inagonga kifungo cha yule kijana, ti, ti, ti.

Adjudant alikuwa amepiga saluti, hatua mbili kutoka kwangu. Alisema bila kugeuza shingo, midomo ikifunguka kidogo tu:

“Madame, firimbi ikilia, ile mwavuli utaishusha?”

“Nitaishusha,” nilisema, nami sikugeuka.

“Muzuri. Na weye,” akamwambia askari wake, “fimbo yako itashuka kwanza, mbele ya mwavuli.”

Kule juu kamba ililia, bendera haikushuka. Adjudant aliendelea, akitazama mbele.

“Batu tatu bataingia. Directrice, bibi ya mufungwa, na weye. Bengine bakae chini pembeni ya barabara. Bakikaa chini, miye sioni matembezi, naona batu banapumuzika. Batu ya kupumuzika sina ordre yabo.”

“Juu ya nini miye?”

“Juu nikikuacha huku inje, utapigana na baaskari yangu.”

Nyuma yangu nilisikia mwalimu mmoja akizuia kicheko. Kisha adjudant akasema jambo ambalo sijalisahau.

“Kazi yangu haiko kufunga batu midomo, Madame. Kazi yangu ni batu barudi kwabo na mifupa yabo yote. Benu na bangu.”

Bendera ikashuka. Firimbi ya pili ilipolia, fimbo ilishuka kwanza, na mwavuli ukafuata. Adjudant alininyooshea mkono, nikampa mwavuli. Wenzetu kumi na wawili walikaa kwenye ukingo wa barabara, katika mvua, wakapumzika kwa nguvu zao zote.

Ndani, askari wa daftari alianza wimbo wake wa kila siku, kwamba mtu huyo hayumo. Mke wa mwenzetu hakubishana. Alikwenda kwenye safu ya viatu, akaokota vile vyenye kamba za bluu, akaviweka juu ya daftari. Adjudant alivitazama.

“Viatu haviingiake peke yake,” alisema. “Mulete mwenye navyo.”

Wakamleta. Alikuwa na ndevu za siku nne na mdomo umevimba upande mmoja. Alipotuona alijaribu kuvuta shati lake liwe sawa, kama vile tumekuja kumshtaki kwa uchafu. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Adjudant alivuta daftari, akaandika kwa mkono wake mwenyewe jina, kijiji alikozaliwa, siku aliyokamatwa. Alipofika kwenye sababu, kalamu ikasimama.

“Alifanya nini?”

“Alifundisha,” alisema directrice.

Akaandika hivyo. Alifundisha. Halafu akageuza daftari ili directrice na mimi tutie sahihi kwamba tumemwona mtu huyo akiwa hai.

“Kumufungula, sina ile nguvu, inatokaka juu yangu,” alisema. “Lakini sasa ameandikwa. Akipotea, ni miye bataniuliza.”

Jumamosi lori liliondoka bila yeye. Baada ya siku chache alifunguliwa, akarudi kuja kwa miguu kutoka Kasha na kufika kabla yetu, na safari hii sikuudhika.

Sitaki kumfanya kila mwenye magwanda malaika. Mwaka ule ule, katika miji mingi, watu walitembea mikono mitupu kama sisi wakarudi wamebebwa. Adjudant yule alikuwa na amri ile ile na fimbo zile zile, na aliamua ziishie wapi. Kwa hiyo shukrani zangu ni zake yeye.

Mwezi haukuisha, akahamishwa. Walimpeleka kwenye kituo kidogo msituni, upande wa Shabunda. Hakuna aliyetuambia ni kwa ajili yetu, na hakuna aliyehitaji kutuambia. Kabla ya kuondoka alikuja shuleni, amevaa kiraia, binti yake mkono mmoja na mwavuli wangu mkono mwingine.

“Silaha yenu,” alisema, akanirudishia.

Nilitaka kumshukuru, lakini yeye akaniwahi. Alisema anakwenda na familia, na hajui kama huko kuna shule.

“Madame, musifute jina ya mutoto mu registre.”

Nikamwambia, kwa ujinga wangu wa mwalimu, kwamba kanuni iko wazi: mwanafunzi aliyeondoka hupigwa mstari mwekundu.

“Najua,” alisema. Alisimama tu, akinitazama, mkono wake kichwani mwa mtoto, na nikaona aibu mpaka masikioni.

Sikulifuta. Kila asubuhi niliposoma majina nililisoma na la kwake, mahali pake, nikangoja kidogo, nikaandika kwamba hayupo. Mwanzoni watoto walicheka. “Madame, alishaka kwenda.” Niliwaambia najua, na kesho yake nikamwita tena. Mkaguzi alipokuja aliuliza kwa nini namhesabu mtoto ambaye hajaonekana tangu mvua za kwanza. Nilikuwa tayari kugombana naye, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nikasema tu kwamba yuko njiani. Akainua mabega, akageuza ukurasa.

Muhula wa tatu, asubuhi moja, nilikuwa nimeinamia daftari nikisoma majina kwa mazoea. Nilisoma la kwake, nikangoja kama kawaida, na kalamu yangu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

“Présente,” sauti iliitikia mlangoni. “Na papa anakusalimia.”

Alikuwa amerefuka na kukonda, na mama yake alikuwa nyuma yake akiwa na mzigo kichwani. Nilibaki nimesimama pale pale na kalamu mkononi, na asubuhi hiyo hapakuwa na firimbi. Mtoto alinipita, akaenda kuketi mahali pake pa mbele, akaanza kupiga domo na jirani yake kabla sijafika kwenye jina lililofuata.