Jogoo Mwenye Miguu Mizuri

Shangazi yangu hufuga kuku chotara huko Tezo. Kuku wake wachanga walipoanza kulemaa na kutambaa kwa vifundo, aliniletea baadhi yao maabarani, pamoja na ndugu zao waliosimama sawasawa. Alitaka jibu moja tu: jogoo wake mwekundu, aliyeanguliwa pamoja nao, abaki wa mbegu au asibaki? Majirani walikuwa wameshaanza kumwuliza lini walete mitetea yao wapandwe, kwa desturi ya kumwachia mwenye jogoo kifaranga mmoja katika kila uzao. Na jogoo yule alikuwa na miguu mizuri. Kwetu jogoo huchaguliwa kwa miguu.

Kazi yetu ilikuwa kupima jeni zinazofanya kazi kupita kiasi katika mfupa mgonjwa. Hupimi hivyo bila jeni nyingine ya kulinganishia, isiyobadilika kwa mzima wala mgonjwa, kama jiwe la mizani. Tulitumia ile iliyozoeleka, ikatuambia waliosimama ni wazima. Wenzangu wakafurahi. Mimi nina ubishi wa kuzaliwa. Nilitaka kwanza jiwe lenyewe lipimwe.

Nikajaribu jeni nyingine kadhaa kwenye mifupa ile ile, nikaongeza mifupa ya kuku wazima wa Ganze wasiohusiana nao. Jeni yetu ya siku zote ikaonekana inashuka kila mguu unapolemaa. Mbili tu ndizo zilizotulia kwa kuku wote. Nikarudia hesabu kwa hizo mbili. Waliosimama walifanana na vilema, si na kuku wa Ganze. Ugonjwa ulikuwa umo mifupani mwao, wanangoja kunenepa tu miguu ilemewe. Na jogoo alikuwa ndugu yao; angewarithisha vifaranga wake.

Nikampigia simu shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Kazi yaendaje?"

Kwetu habari mbaya haitangulii salamu. Nilijibu zote nikiwa nimeuma meno, kisha nikamwambia, "Yule jogoo mtenge. Asipande kuku wa mtu."



"Niliwaambia majirani wangoje jibu lako," akasema. "Wakaniambia, itazame miguu yake. Tezo nzima yaatamia mayai ya mbegu yake, mwanangu. Na haya yangu, sikiliza."

Akasogeza simu kiotani. Nikasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda, wanagonga watoke.