Mtu wa Mjengo wa Kiuu Anayejua Mpira Utaenda Wapi Kabla Upigwe

"Umezeeka, Mbaluka! Taa imesema!" Kochi Gachau anagonga meza hadi chupa ya maji inaanguka.

"Hiyo taa imewahi kunipigia penalti?"

"Hata Mama Chapo alikufikia!"

Wachezaji wanaangua kicheko. Mbaluka hacheki.

Ni Jumamosi mchana, chumba cha kubadilishia nguo kando ya uwanja wa vumbi huku Kiuu, Ruiru. Nje mavuvuzela yanalia. Timu ikishinda leo inapanda ligi, na hadi saa hii bado wanagombania nani atasimama golini.

Mbaluka Mutie ana miaka thelathini na saba. Siku za kazi yeye ni wa mjengo. Anasimama ghorofa ya kwanza, mwenzake wa chini anarusha tofali, yeye anadaka, anapanga, anadaka lingine. Kutwa nzima.

"Ukingoja kuona tofali, limeshakutoa meno," anasema. "Mimi naangalia bega ya mwenye kurusha. Bega inaongea mapema."

Golini ni vilevile, tangu akiwa kijana kwao Gatuanyaga.

Balaa ilianza Alhamisi. Gachau alileta kifaa fulani cha kupima wepesi, taa ikiwaka unabonyeza. Mwas, kipa wa miaka kumi na tisa, alibonyeza kama umeme. Mbaluka alitoshana na Mama Chapo, anayewauzia chapati. Kochi akakata shauri, Mwas ndiye anaanza.

Kwa kona ameketi Janice, mwanafunzi wa chuo kikuu Thika. Anasomea ubongo wa wanamichezo, anaifuatilia timu hii kwa utafiti wake, na amechoka na hizi kelele. Anafungua laptopu. Jamaa kwenye video anakimbilia penalti, halafu picha inakatika kabla mguu uguse mpira.

"Mpira utaenda wapi?"

"Kushoto," anasema Mwas.

"Kushoto, wazi kabisa," anasema Gachau.

"Kulia, chini," anasema Mbaluka.

Janice anaachilia video. Kulia, chini.

Anaweka nyingine. Mbaluka anapata. Nyingine tena, anapata. Mwas ameacha kubahatisha, anamtazama Mbaluka tu, mdomo wazi.

"Haiya! Wewe ulishaona hizi video!"

"Wapi, kochi? Cheki kiuno ya huyo jamaa. Imeshageuka kitambo."

Janice anatikisa kichwa, kama mtu ameona muujiza kanisani. "Kwa taa, ubongo wake ni kama wangu tu. Lakini mpe mwili wa mtu ausome, anamaliza hadithi kabla itokee. Sisi tunangoja mpira. Yeye ashafika pale utaangukia." Anamgeukia Gachau. "Taa haina bega, kochi."

Filimbi ya refa inalia nje. Gachau anaokota glavu za kipa, na ghafla anazirusha upande wa dirisha.

Mkono wa Mbaluka umeshafika huko. Macho yake yako kwa bega ya Gachau bado. Glavu hakuzitazama hata kidogo.

"Ngai fafa," Mwas anamwita Mungu kwa kunong'ona. "Buda, hiyo utanifunza?"

"Kuja mjengo Jumatatu. Tunaanza na matofali." Mbaluka anavaa glavu polepole. Ana mpango, na kochi anaujua: magoti yakikataa atafungua mazoezi ya makipa wadogo hapa hapa Kiuu, na hakuna mtoto atabonyeza taa.

"Na magoti yanasemaje?" anauliza Gachau, sauti imeshuka.

"Yanasema kukataa si leo, kochi."

Anatoka kwenda golini, anafunga mlango.